Meyerhold: alikuwa wa Stanislavski au hasimu wake? Na biomekanika inafanywaje hasa?

Zamu_ya_Pili

Wakuu, salaam. Kikundi cha waigizaji tisa kinaandaa *Mkaguzi Mkuu wa Serikali* wa Gogol, na kilichokubaliwa ni kufuata njia ya Vsevolod Meyerhold, yule mwigizaji na mwongozaji wa Kirusi. Tatizo ni kwamba kila ukurasa mtandaoni una lake. Naomba mnaomfahamu mnisaidie:

Alikuwa mwanafunzi wa Stanislavski, yule mwongozaji maarufu wa uhalisia, au mpinzani wake? Alikufa 1940 au 1942? Hii biomekanika ni sarakasi, ni mazoezi ya viungo, au ni kitu gani, na mtu anaanzia wapi? Na *Mkaguzi* wake mwenyewe, jukwaa lake lilikuwaje?

Muda uliopo ni wiki sita, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Ukumbi ni mdogo na sakafu ni ya saruji.

---

Kabati_la_Maleba

Nachukua maisha yake, ya mwili nawaachia wenye mwili wao.

Amezaliwa Penza, Februari 1874, kwenye familia ya Wajerumani Walutheri, akabatizwa Karl Kasimir Theodor. Akiwa na miaka 21 akahamia Kanisa la Kiorthodoksi na kujiita Vsevolod, kwa kumuenzi mwandishi Garshin. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Moscow, akaichoka, na mwaka 1896 akaingia shule ya maigizo ya Jumuiya ya Filharmonia. Hapa ndipo kurasa nyingi zinapoteleza: mwalimu wake shuleni alikuwa Nemirovich-Danchenko, si Stanislavski. Hao wawili walipoanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, Nemirovich akaja na wahitimu wake, Meyerhold akiwemo, pamoja na Olga Knipper ambaye baadaye aliolewa na Chekhov.

Kwa hiyo alimkuta Stanislavski kazini, kama mwongozaji wake. Aliigiza Treplev katika *Shakwe* wa Chekhov, yule kijana anayetaka sanaa mpya na kuchekwa na mama yake, kisha Tuzenbach katika *Dada Watatu*. Misimu minne, nafasi 18. Mwaka 1902 ukumbi ulipogeuzwa kuwa kampuni ya wanahisa, jina lake halikuwemo kwenye orodha. Akaondoka na wenzake kwenda Kherson, kusini, na huko ndiko alikojifunzia uongozaji: mji mdogo, watazamaji wale wale, michezo mipya mfululizo.

Mwaka 1905 Stanislavski mwenyewe akamwita arudi na kumlipia studio mtaa wa Povarskaya kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana neno "hasimu" halimfai. Studio haikufunguliwa kwa umma. Mazoezi ya *Kifo cha Tintagiles* yalipendeza kwenye mwanga hafifu, lakini taa zilipowashwa ikaonekana kwamba picha ya jukwaa inasema lugha moja na waigizaji waliofundwa uhalisia wanasema nyingine. Kuna msemo kwamba Meyerhold aliukataa uhalisia kwa nadharia. Kwa maoni yangu aliukataa kwa sababu ya usiku ule: aliona kwamba huwezi kubadili jukwaa kabla hujambadili mwigizaji. Biomekanika, miaka 17 baadaye, ni jibu la swali hilo hilo.

Mwaka uliofuata akaenda St. Petersburg kwa Vera Komissarzhevskaya, nyota wa jukwaa aliyekuwa na ukumbi wake. Huko akaongoza *Dada Beatrice* kwenye ukanda mwembamba wa jukwaa, waigizaji wamebanana kama michongo ukutani, na *Kibanda cha Vibaraka* cha mshairi Blok, yeye mwenyewe akiwa Pierrot. Novemba 1907 Komissarzhevskaya akamwambia njia zao zimeachana. Kosa la Meyerhold lilikuwa la wazi: alikuwa na mwigizaji mkubwa wa hisia, akamtumia kama doa la rangi kwenye picha.

Watu walitegemea amekwisha, kumbe 1908 akaajiriwa na kumbi za Kifalme. Huko akakaa hadi mapinduzi, akiongoza maigizo Alexandrinsky na opera Mariinsky. Katika *Don Juan* wa 1910 aliondoa pazia la mbele na kuacha taa za ukumbini zikiwaka. *Masquerade* ya Lermontov ilimchukua miaka kadhaa, na mchoraji Golovin alichora takriban michoro 4,000 ya maleba, samani na vifaa. Ikafunguliwa Februari 1917, risasi zikilia mitaani. Majaribio yake ya pembeni aliyafanya kwa jina la Daktari Dapertutto, maana mwajiriwa wa kumbi za Kifalme hakuwa huru kutumia jina lake popote.

Baada ya mapinduzi alijiunga na Wabolsheviki mwaka 1918, mapema kuliko karibu wasanii wote wa kiwango chake. Mwaka huo huo akaongoza *Misteria-Bufu* ya mshairi Mayakovsky. Kipindi cha 1922 hadi 1930 ndicho chenye kazi anazokumbukwa nazo zaidi. Eisenstein, yule mwongozaji wa filamu, alikuwa mwanafunzi wake.

Mwisho wake uko hivi. Desemba 1937 gazeti la chama, *Pravda*, lilichapa makala ya kumshambulia, kichwa chake kikimaanisha "Ukumbi Mgeni". Januari 1938 ukumbi wake ukafungwa kwa amri. Stanislavski, mgonjwa na mzee, akampa kazi kwenye ukumbi wake wa opera wakati wengine walikuwa wanavuka barabara wasikutane naye. Stanislavski akafariki Agosti mwaka huo. Tarehe 20 Juni 1939 Meyerhold akakamatwa Leningrad. Wiki chache baadaye mke wake, mwigizaji Zinaida Raikh, akauawa kwa visu nyumbani kwao Moscow. Gerezani alipigwa kwa mkanda wa mpira kwenye nyayo na mgongoni, mtu wa miaka 65, mpaka akakiri kuwa jasusi wa Uingereza na Japani. Januari 1940 alimwandikia Molotov, mkuu wa serikali, kuyakana hayo yote na kueleza alivyoteswa. Alihukumiwa tarehe 1 Februari 1940 na kupigwa risasi kesho yake.

Huo 1942 unatokana na cheti cha uongo walichopewa ndugu alipofutiwa mashtaka mwaka 1955. Ukikuta ukurasa unaandika 1942, mwandishi amenakili kitabu cha zamani bila kuhakiki.

---

Goti_Laini

Mimi nachukua biomekanika. Si sarakasi, ingawa alipenda sarakasi. Si mazoezi ya viungo pia, kwa sababu mazoezi ya viungo hayajali nani anakutazama.

Wazo lake la 1922 aliliandika kama hesabu: N = A1 + A2. N ni mwigizaji. A1 ni yule ndani yako anayepanga na kuamuru, A2 ni mwili unaotekeleza. Kazi ya mazoezi ni kupunguza muda kati ya amri na utekelezaji. Aliazima kwa Frederick Taylor, yule wa kupima mwendo wa wafanyakazi kiwandani, na kwa mwanasaikolojia William James aliyesema hofu huja kwa sababu umekimbia, badala ya kukimbia kwa sababu unaogopa. Ndiyo maana Meyerhold hakumwambia mwigizaji atafute huzuni moyoni. Alimwambia aweke mgongo mahali pake, huzuni itafuata.

Kila tendo, hata kuokota kijiko, lina sehemu hizi:

*Otkazi*, maana yake "kukataa". Ni mwendo mfupi kinyume na unakoelekea. Kabla ya kurusha mkono unarudi nyuma, kabla ya kuchuchumaa mwili unapanda. Humpa mwigizaji nguvu, humpa mwenzake ishara, na humwambia mtazamaji "angalia, kitu kinakuja".

*Posili*, "kutuma". Ndilo tendo lenyewe.

*Tochka*, "nukta". Tendo linasimama, lakini mwili haufi. Nukta nzuri tayari ina mbegu ya otkazi inayofuata.

Juu ya yote hayo kuna *tormozi*, yaani breki. Unapotuma mkono, misuli mingine inauzuia kidogo, ndipo mwendo unapata uzito. Bila tormozi mnapunga hewa tu.

Anzeni na *daktili*, salamu inayofungua na kufunga kila etudi, yaani zoezi fupi lenye mpangilio maalumu. Jina ni la mizani ya ushairi: mpigo mrefu mmoja, mifupi miwili. Simama miguu imeachana, mmoja mbele kidogo, magoti yamelegea, uzito sehemu ya mbele ya nyayo, mikono inaning'inia. Magoti yashuke kidogo na mikono irudi nyuma, hiyo ndiyo otkazi. Mikono ipande mbele mpaka juu ya kichwa, mwili wote unyooke hadi ncha za vidole vya miguu, uso uangalie juu, na huo ndio mpigo mrefu. Halafu shuka ghafla ukipiga makofi mawili ya haraka mikono ikiwa inateremka, magoti yakunjike, mikono imalizie nyuma ya nyonga. Rudi wima taratibu. Mkifanya watu tisa, makofi yasikike kama ya mtu mmoja. Yakisikika kama mvua kwenye bati, mnatazamana badala ya kuhisiana, kwa hiyo fumbeni macho mrudie.

Kuna etudi zinazojulikana vizuri: kurusha jiwe, kupiga upinde, kofi la uso, kuchoma kisu, kuruka kifuani kwa mwenzako na nyinginezo. Zilipona kwa sababu Nikolai Kustov, aliyekuwa kwenye ukumbi wa Meyerhold, alizifundisha kimya kimya miaka ya 1970 kwa vijana wa Ukumbi wa Satira Moscow, wakiwemo Gennady Bogdanov na Alexei Levinsky. Wanaofundisha leo duniani, wengi wao mnyororo wao unaishia kwa hao wawili.

Kwa wiki sita fanyeni *kurusha jiwe* peke yake. Daktili, kugeuka, kukimbia kwenye jiwe, kushuka, kuliokota, kulipandisha, kuuzungusha mkono, kurusha, kutazama lilikotua, daktili. Jiwe halipo. Mtu akipoteza uzito wake njiani kati ya kuokota na kuzungusha, simamisheni hapo hapo.

Yanayoharibika mara nyingi:

Otkazi inakuwa pambo. Mtu anarudisha mkono nusu mita ili achukue kikombe. Ukubwa wa otkazi hulingana na tendo. Kwa kikombe, mkono urudi upana wa vidole viwili, basi. Kwa mkuu wa wilaya anayesikia kwamba mkaguzi yuko mjini na anakaribia kuanguka kitini, visigino vipande kidogo tu, halafu ndio aanguke. Mtazamaji hataona visigino, ataona mtu mzito.

Magoti yanafungwa. Goti likifungwa, mgongo wa chini unabeba kila kitu na mtu anaumia wiki ya pili. Kwenye saruji hili halina mjadala: viatu vyepesi vya soli ya mpira au mikeka, na kuruka kifuani msikuguse kabisa.

Pumzi inazuiwa kwenye nukta. Mwambieni kila mtu ahesabu kwa sauti: "na" kwa otkazi, "moja" kwa posili, "mbili" kwa nukta. Mwenye kuhesabu hawezi kubana pumzi.

Kosa baya kuliko yote ni kupeleka etudi jukwaani. Meyerhold hakuzionyesha etudi ndani ya tamthilia kama vituko. Ni kama ngazi za sauti kwa mwimbaji.

Mgawanyo wa saa mbili: dakika 20 za fimbo (nyepesi, mita moja hivi, kuisimamisha kiganjani na kurushiana), 15 za daktili, 40 za jiwe, zilizobaki chukueni ukurasa mmoja wa tamthilia mkaucheze bila maneno, kila tendo na sehemu zake tatu. Maneno yarudi wiki ya tatu.

---

Seremala_wa_Jukwaa

Goti_Laini kasema vizuri. Naongeza mbao.

*Mkaguzi* wa Meyerhold ulifunguliwa Moscow tarehe 9 Desemba 1926. Nyuma kulikuwa na ukuta wa nusu duara uliong'arishwa kama mkangazi, wenye milango 15 ukihesabu ya pembeni. Tamthilia aliikata kuwa vipande 15 akichanganya rasimu mbalimbali za Gogol, na bango likamtaja kama mwandishi wa onyesho, jambo lililowaudhi wengi. Vipande vingi vilichezwa juu ya jukwaa dogo la magurudumu, kama mita 3.5 kwa 4 na ushee, lililoinama kuelekea watazamaji. Lilitoka gizani kupitia milango ya kati, samani na watu wakiwa tayari wamejipanga juu yake. Watu kibao, sofa, kabati, vyote kwenye nafasi ya chumba cha kulala. Ule ubanano ndio ufunguo: mwigizaji asiye na nafasi ya kutembea hulazimika kuigiza kwa kiwiko, shingo na vidole.

Erast Garin akiwa Khlestakov, yule kijana anayedhaniwa kuwa mkaguzi, alivaa nyeusi, miwani ya pembe nne, na mkate wa duara umening'inia kwenye kifungo cha koti. Alipewa mwenzake bubu, ofisa mpita njia, ambaye Gogol hakumwandika. Raikh alikuwa Anna Andreevna, mke wa mkuu wa wilaya, na maofisa wakichomoza kabatini na nyuma ya samani kama ndoto zake. Kwenye hongo, milango ilifunguka na mikono ikatoka na pesa kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Mwisho kabisa, pale Gogol anapotaka wote wagande, pazia lilifichua vinyago vya ukubwa wa mtu badala ya waigizaji, na watazamaji wakachukua muda kugundua.

Kwa ukumbi mdogo msiige ukuta wa milango 15. Milango mitano ya fremu za mbao na kitambaa cha kahawia inatosha kwa tukio la hongo.

Jukwaa dogo: mita 2.5 upana kwa 2.5 kina, fremu ya mbao za inchi 2 kwa 4, juu plaiwudi ya milimita 18. Mwinamo wa moja kwa kumi, yaani nyuma liwe juu kuliko mbele kwa sentimita 25. Watu tisa wa kilo 70 ni kilo 630, ongezeni jukwaa na samani mko juu ya 750. Magurudumu sita yenye uwezo wa kilo 200 kila moja yatawapa nafasi ya kupumua, kwa sababu kwenye sakafu isiyo sawa mzigo haugawanyiki kwa usawa na kuna wakati manne tu ndiyo yanayogusa chini.

Msitumie magurudumu yanayozunguka pande zote. Jukwaa litapinda njiani na kugonga fremu ya mlango. Chukueni yasiyozunguka, na sakafuni pigeni mbao mbili nyembamba za kuongoza kama reli. Mlango uzidi jukwaa sentimita 10 kila upande. Wasukumaji waanze taratibu na kusimama taratibu, maana waliosimama juu ndio hupepesuka. Mkifika, wekeni kabari chini ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, si mbele peke yake.

Jambo linalosahaulika ni viti. Kwenye mwinamo huo kiti kinachotazama watazamaji kinainama mbele. Kateni miguu ya nyuma: kiti chenye kina cha sentimita 40 kinahitaji kupunguzwa sentimita 4. Kiti hicho kitatazama upande huo tu, kwa hiyo pangeni kila tukio kabla ya kugusa msumeno.

---

Kabati_la_Maleba

Nyongeza moja kwa sababu mtaikuta mtandaoni. Kuna simulizi maarufu kwamba Juni 1939, kwenye mkutano wa waongozaji, alisimama akawaambia wakubwa usoni kwamba wameua sanaa, na ndiyo maana akakamatwa. Kumbukumbu za mkutano zilipopatikana zilionyesha hotuba nyingine: ya tahadhari, yenye kujikosoa. Ile kali inatokana na kitabu kilichoandikwa na mhamiaji nje ya Urusi. Msiiweke kwenye kijitabu cha onyesho lenu.

Nyaraka zake zilipona kwa sababu Eisenstein alizificha kwenye nyumba yake ya shamba. Na jengo jipya alilokuwa akijengewa Moscow lilimaliziwa kama Ukumbi wa Muziki wa Tchaikovsky. Bado lipo.

---

Zamu_ya_Pili

Asanteni sana wakuu, nimepata kuliko nilichoomba. Limebaki moja kwa Goti_Laini: kwenye onyesho letu tunataka mkuu wa wilaya awapige vibao wafanyabiashara. Kwenye etudi ya kofi, ile sauti inatoka wapi kama mkono haugusi?

---

Goti_Laini

Kwa anayepigwa. Njia salama ya jukwaani ni hii: mpigaji anafanya otkazi ndefu inayoonekana, mkono unapita sentimita 15 mbele ya shavu, na anayepigwa anapiga kofi moja la viganja vyake usawa wa tumbo, upande uliofichwa na mwili, kichwa kikigeuka kwenye mpigo huo huo. Ila kumbukeni anayeamua muda ni anayepigwa. Yeye ndiye anayesoma otkazi na kujiandaa. Mpigaji akifupisha otkazi kwa sababu ya jazba, mwenzake atachelewa na sauti itakuja baada ya mkono kupita, ukumbi mzima utacheka pasipotakiwa.

Wafanyabiashara wakiwa watatu kwa mstari, otkazi iwe moja tu, ya kwanza. Nukta ya kofi la kwanza ndiyo otkazi ya la pili. Jaribuni kwanza kwa mwendo wa nusu, mkihesabu kwa sauti, mara kumi bila kosa, ndipo mwongeze kasi.